Jirani Asiyetaka Mashine

Tarehe 4 Machi

Mchumba wangu, mjukuu wangu mpenda sifa,

Marahaba, hata kama hujaniamkia. Nakuandikia kwa sababu ukipiga simu unaongea na sikio langu bovu, na lile zima shangazi yako amelichukua kwa maneno yake tangu asubuhi. Karatasi haipigi kelele.

Nimeangalia tamthilia yako mpaka kipindi cha mwisho. Hapa nyumbani tulikaa watatu, mimi, shangazi yako na paka, na aliyelia ni shangazi yako peke yake. Sasa niruhusu nikuseme kidogo, maana nilikufundisha herufi kwa elimu yangu ya darasa la nne kabla hao mabosi wako hawajajua kama umezaliwa.

Kwanza yule mke wa mzee tajiri. Siku nne amelala hospitalini kwenye kiti, anaamka wanja uko palepale na mdomo mwekundu kama alivyoingia. Bibi yako alipolazwa nililala kwenye kiti kama kile mara moja tu, na kulipokucha mlinzi akanizuia kutoka, akidhani mimi ndiye mgonjwa. Halafu yule daktari. Hospitali nzima ana mgonjwa mmoja, anavua miwani, anavaa miwani, anaangalia dirishani. Madaktari ninaowajua mimi wana foleni mpaka kwenye ngazi. Mzee naye anakohoa mara mbili kwenye leso nyeupe, ndugu wote wanashika vichwa. Mimi nakohoa tangu ujana na hakuna aliyewahi kuniitia ndugu hata mmoja. Na anapokata roho anagawa mashamba kwa sauti ya mtangazaji wa mpira.

Na mkojo je? Wiki tatu mzee yuko kitandani, ugonjwa ni wa figo, na hakuna aliyetaja mkojo. Nimekuwa fundi bomba miaka arobaini na mmoja, najua watu wanavyoona haya kutaja kinachopita ndani ya bomba, lakini haya yenu imezidi.

Ila ile ya mashine sikuicheka. Pale wanapomuunganisha na mashine ya kusafisha damu, Jumatatu, taa zinafifia, muziki unaingia, na Ijumaa wanamzika. Hapo niliamini, kwa sababu ulipokuja mwaka jana uliniambia umeingia kwenye chumba chenye mashine hizo, ukakaa, ukaona kwa macho yako. Na wewe nimekulea kazini. Sisi hatuamini ramani ya nyumba, tunapeleka mkono chini ya sinki tupapase kama kuna unyevu. Kwa hiyo hayo ya wanja nilijua ni ya mabosi, haya ya mashine nikajua ni yako.

Sasa nina swali, na si langu. Nina jirani, mzee wa rika langu, mbishi lakini mzuri wa sura. Figo zake zimegoma. Daktari anamtaka aanze mashine, mara mbili kwa wiki. Yeye anauliza, aliyeunganishwa huwa anatoka? Au ni kama mzee wako, mpira ukishaingia mwilini ujue watu wameanza kutafuta majembe? Nijibu ukweli. Ana haraka kidogo.

Babu yako,
Fundi


Tarehe 12 Machi

Babu yangu, fundi wangu,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea wenzangu ofisini na kazi ikasimama. Bosi amecheka ile ya wanja mpaka akajifuta macho, kisha akasema nikuambie kwamba mtu akishachoka na yake kutwa nzima, hakai kitini jioni kuangalia mwanamke aliyevurugika nywele kama yeye. Wewe mjibu, mimi nimeshindwa.

Jirani yako mpe pole. Ndiyo babu, tulifanya utafiti, hatuandiki vya kuokota. Mashine ndiyo hatua ya mwisho, ndiyo maana tukaiweka kwenye vipindi vya mwisho. Mtu akifika pale mwili unakuwa umeshachoka. Lakini watu hawafanani, asikilize tu daktari wake.

Nisamehe kwa ufupi. Tumeanza tamthilia mpya, na bosi anataka awepo mgonjwa mwingine, eti wagonjwa wanavuta watazamaji. Nikipumua nitakuandikia vizuri.

Mchumba wako


Tarehe 20 Machi

Mchumba,

Marahaba. Barua yako imefika, na jirani amekushukuru sana. Alikuwa na wasiwasi wa kuambiwa mambo mawili, daktari hivi, watu vile. Sasa ametulia. Amesema kama mashine ni hatua ya mwisho, basi hatua hiyo ataipiga akiwa nyumbani kwake, ana paka wake, na si kwenye kitanda cha chuma huku mtu anavua miwani.

Nilimpa moyo. Nikamwambia mjukuu wangu ameona, si wa kuhadithiwa.

Hali yake si mbaya. Miguu imejaa, viatu havimwingii, anavaa ndara zangu. Mwili unamwasha kama amelalia upupu. Chakula anasema kina ladha ya bomba la kutu, na mtu akikuambia hivyo ujue ni mtu aliyewahi kuonja bomba la kutu. Analala mchana katikati ya sentensi. Juzi alikuwa anamsimulia shangazi yako jambo la maana, akasinzia kabla ya kulifikia, na shangazi yako akasema ni mara ya kwanza amelifaidi jambo lake.

Ameanza kugawa spana. Ile kubwa amempa fundi kijana wa njia panda, akamwambia asiifanye nyundo.

Usije kwa sasa, najua mna kazi. Na huyo mgonjwa wenu mpya, tafadhali, naomba aende msalani japo mara moja.

Babu yako,
Fundi


Tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Ni mimi shangazi yako. Ningekupigia, lakini simu yangu anashinda nayo yeye, anarudia vipande vya tamthilia yako, kile cha mashine hasa. Ndiyo maana nimejibanza jikoni na kalamu kama mwanafunzi anayeiba mtihani.

Hakuna jirani. Upande wetu wa kushoto ni kinu cha kusaga unga, wa kulia ni yule mjane mwenye afya kuliko sisi wote. Mwenye figo ni baba. Inakwenda mwezi wa tatu sasa. Aliniapisha nisikuambie, nami nikakubali nikidhani ataanza matibabu ndipo akuambie mwenyewe kwa kujigamba.

Juzi nilimpeleka kwa daktari. Daktari amemweleza taratibu, kwa adabu, na picha akamchorea. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, akatoa barua yako mfukoni, akaifungua, akaiweka mezani juu ya ile picha. Akanyoosha kidole pale ulipoandika hatua ya mwisho. Daktari akaisoma yote. Akauliza mjukuu huyu ni daktari wa hospitali gani. Baba akasema si daktari, lakini yeye huwa anaangalia kabla ya kusema.

Nilitamani nijifiche chini ya meza.

Daktari ameniambia pembeni kwamba bila mashine ana wiki tatu, akibahatika nne. Kwa mashine hajui, anao waliofikisha miaka. Mwanangu, mimi hanisikii. Daktari hamsikii. Ni wewe tu. Sijui uliona nini kwenye chumba hicho, lakini kama kuna zuri lolote ulilisahau, likumbuke haraka. Na asijue kwamba nimekuandikia.

Shangazi


Tarehe 29 Machi

Babu yangu,

Shikamoo. Barua hii soma ukiwa umekaa, kisha msomee jirani yako neno kwa neno.

Sikuingia kwenye chumba kile. Mwaka jana nilifika mpaka kwenye korido. Nikaona mlango wa kioo, ndani watu wamelala na mipira mikononi, nikaogopa nikageuka. Ulipouliza nikasema niliingia, kwa sababu uliniangalia kwa fahari ukamwambia shangazi, umemsikia mwenzako, nikashindwa kurudi nyuma. Yote ya mashine niliyachukua kwenye tamthilia za watu wengine, ambao nao nadhani waliyachukua kwa wengine. Na mwezi huu uliponiuliza tena nilikudanganya mara ya pili, nikiwa na haraka ya kwenda kwenye kikao.

Jana niliingia. Muuguzi mkuu alinipa kiti cha plastiki akaniambia nisiguse kitu. Nimekaa saa nne, zamu nzima. Naandika nilichoona na si zaidi.

Kuna viti kumi, vya kulaza mgongo. Hakuna muziki. Taa ni zile ndefu nyeupe, moja inapepesa na hakuna anayejali. Watu waliingia wakisalimiana kama wafanyakazi wa kiwanda kimoja, na mama mmoja aligombana na mwenzake kwa sababu alikaliwa kiti chake cha dirishani. Wakaunganishwa. Nilijiandaa kwa jambo zito, babu, na jambo zito lililofuata ni kwamba saba kati ya kumi walilala. Wawili wakakoroma. Mmoja, muuza vipuri vya pikipiki, alishinda kwenye simu akibishana na mteja kuhusu cheni, huku damu yake inazunguka pembeni. Ana miaka tisa kwenye mashine. Nilipomwambia kwamba nimeandika mtu aliyezikwa siku ya tano, akasema labda yule aliumwa kitu kingine.

Mabaya nayo nayaandika. Mama mmoja alishikwa na mkazo wa misuli mguuni, akapiga kelele, muuguzi akamkanyagia unyayo mpaka ukaachia. Mzee mmoja alitapika. Wakimaliza wanakuwa wamenyong'onyea, kesho yake ndiyo wanajisikia watu. Maji ya kunywa wanapimiwa kwa kikombe. Mashine haiponyeshi figo, inafanya kazi yao tu, na mtu anarudi wiki hiyohiyo. Kuna kiti ambacho mwenyewe alifariki mwezi uliopita, waliniambia bila kunificha.

Nyuma kuna chumba cha matangi. Mashine moja kwa zamu moja inakula maji zaidi ya ndoo sita kubwa, na lazima yachujwe kwanza. Halafu yanapita ndani ya chujio, damu huku, maji kule, katikati kuna utando, hazichanganyiki, uchafu tu ndio unaovuka. Maji machafu yanatoka kwa mpira unaopanda mpaka kwenye bomba la ukutani, juu kidogo ya kiuno changu.

Sijui kama jirani yako atanisamehe. Mwambie aliyekosea ni mimi, si mashine.

Mjukuu wako


Tarehe 3 Aprili

Wewe,

Barua imesomwa. Jirani hajakusamehe, na mimi nimemwambia asiharakishe.

Unajua nilivyofukuza fundi msaidizi mmoja, kabla hujazaliwa? Alifunga maungio yote ya nyumba ya ghorofa akapiga lipu juu yake bila kufungulia maji kwanza ajaribu. Nikamuuliza umejaribu, akasema nimejaribu. Wenye nyumba wakahamia. Siku ya tatu mama mwenye nyumba anaoga juu, bwana anakula chini, maji ya kuoga yanamdondokea kwenye sahani. Yule fundi hakuwa mbaya wa mikono. Alikuwa anapenda kusikia nikisema vizuri. Wewe ni yeye.

Nilimwekea mtu mezani barua yako. Sisemi ni nani. Aliisoma kwa heshima kubwa, na sasa nikikumbuka ile heshima masikio yanapata moto, yote mawili, hata lile bovu.

Na hata sasa hujaangalia vizuri. Unasema mpira wa maji machafu unapanda mpaka juu ya kiuno chako. Maji machafu yanashuka, mchumba, hayajawahi kupanda yenyewe tangu dunia iumbwe. Ama umeota, ama kuna mtu amefunga bomba lile kinyume, na watu kumi wamelala hapo wakikoroma. Kama hilo umelikosea, nitajuaje hayo mengine?

Basi. Sina la kuongeza.

Fundi

Jirani ameninyang'anya kalamu. Anauliza huyo muuza vipuri wa miaka tisa, miguu yake inaingia kwenye viatu?


Tarehe 8 Aprili

Babu,

Shikamoo. Uko sawa kwa yote uliyosema kuhusu yule fundi, na sahani.

Nimerudi tena leo asubuhi, nikaenda moja kwa moja kwenye miguu. Muuza vipuri alikuwa anatoka, amevaa viatu vyeusi vya kamba, na kamba amezifunga mwenyewe. Nilimuuliza asije akawa amevivaa kwa ajili ya wageni. Amesema siku ya kuja kwenye mashine vinambana, anavikanyagia kisigino kama ndara, akimaliza vinaingia vizuri. Mwanzoni kabisa, kabla hajaanza, alitembea miezi miwili na malapa ya mkewe. Hayo ameniambia bila kumuuliza.

Kuhusu mpira, nimeupima kwa kamba ya pochi yangu. Unapanda kweli. Nimemuuliza muuguzi kwa nini, akasema miaka kumi na miwili anafanya kazi hapo na hajawahi kujiuliza. Nimemuuliza mtu wa matengenezo, akasema hivyo ndivyo alivyovikuta. Sijui, babu. Sitaki kubuni tena. Hospitali ya hapo kwenu ina mashine nne, jengo la nyuma. Mimi simjui mtu mwingine wa kwenda kuangalia.

Nakuja Ijumaa ya wiki ijayo. Usiniambie nisije.

Mjukuu wako


Tarehe 13 Aprili

Mwanangu,

Usingoje Ijumaa, njoo kesho; simu anayo yeye, kwa hiyo barua hii nimempa kondakta wa basi la usiku. Si kwa ubaya. Keti nikusimulie, kwa sababu ukimwachia yeye atakuhadithia uongo.

Barua yako imefika leo asubuhi. Akaisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni, akaingia ndani, akatoka amevaa ovaroli ya kazi. Imembana miguuni, imempwaya mabegani. Futi ya chuma mfukoni, penseli sikioni. Nikamuuliza unakwenda wapi, akasema kuna bomba la kukagua. Nikamfuata nyuma kama askari kanzu.

Pale hospitali akamkuta muuguzi wa zamu, dada mnene mwenye sauti ya upole. Akajitambulisha kuwa ni fundi, amekuja kwa habari ya mpira wa maji machafu. Yule dada nadhani alijua akitupa macho tu kwenye uso wa baba, maana umekuwa wa rangi ya majivu, lakini akamruhusu, akampa na viatu vya plastiki. Baba akaenda kwenye mashine ya pili, ambayo mama mmoja alikuwa ameunganishwa amelala. Akapiga magoti. Akaufuata mpira kwa kidole kutoka chini mpaka juu, akatega sikio zima ubavuni mwa mashine, akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akacheka. Akasema, ina pampu, mjinga mimi, ina pampu ndani.

Akataka kusimama, hakuweza. Pumzi ilikuwa imekatika. Akabaki pale chini ameshika mguu wa kiti. Muuguzi akachuchumaa karibu naye, akamuuliza amekuja kumtazama nani. Baba akasema amekuja kwa niaba ya jirani yake. Muuguzi akauliza jirani yupi, amtafute kwenye daftari.

Yule mama aliyelala akafumbua macho akamwangalia. Ndipo baba akasema, "Ni mimi."

Walimwinua wawili. Daktari akaitwa, akaja mbio, na hakuvua miwani wala nini. Wamempitishia mpira shingoni, upande wa kulia, na mchana huuhuu wamemuunganisha kwa saa mbili tu za kuanzia. Dakika ya ishirini akalala. Nimekaa naye nikiwa na leso tayari, mwanangu, nangoja kulia, akaanza kukoroma, ikabidi niicheke leso yangu mwenyewe.

Alipoamka aliomba chai. Wamempa nusu kikombe, na ameanza kulalamika. Njoo.

Shangazi


Tarehe 20 Mei

Babu yangu,

Shikamoo. Tangu niondoke sijaacha kusikia jinsi ulivyomwambia daktari kwamba mashine yake ni nzuri lakini chini ya sinki lake kuna unyevu.

Nina habari. Nilimwambia bosi kwamba mgonjwa wa tamthilia mpya hatakufa, na kwamba nimemwandikia dakika nne akiwa kwenye mashine amelala. Bosi akauliza katika dakika hizo nne kinatokea nini. Nikasema anakoroma, muuguzi anampima shinikizo la damu, mkewe anamaliza biskuti zake. Akaniangalia kama nimeugua mimi. Tumebishana siku tatu. Nikamsomea barua zako zote, hata ile ya kunitukana, na safari hii hakucheka. Baba yake ana kisukari, sikuwahi kujua.

Amenipa dakika moja na nusu. Na mgonjwa anakwenda msalani, anasikika akivuta maji. Itaonyeshwa Jumamosi ya wiki ijayo, saa kumi na mbili jioni.

Naogopa mtu mmoja tu atakachosema.

Mchumba wako


Tarehe 2 Juni

Mchumba wangu, mwandishi wangu,

Marahaba mara mbili, moja ya leo na moja ya siku nilizokununia.

Naandika nikiwa kwenye kiti cha tatu, kile kinachotazama tangi. Mwandiko ukikuta umepinda, ujue muuguzi amepita na kile kitambaa chake cha kubana mkono. Nimeshajua zamu zote. Huyu mama wa kiti cha pili, ndiye aliyenikuta chini nimeshika mguu wa kiti chake, ni mwalimu wa hesabu, na ananichapa bao la maneno kila wiki. Wa kiti cha nne ni dereva wa lori, haongei mpaka saa ya tatu, halafu hanyamazi.

Dakika yako na nusu tumeiona. Sikuangalia nyumbani. Zamu ya Jumamosi jioni ina televisheni ukutani, nikaomba nihamishiwe siku hiyo ili niwe na mashahidi. Basi sikiliza hukumu. Dereva anasema mkoromo ule ni wa kitoto, mtu wa mashine anakoroma mpaka chuma kinatetemeka. Mwalimu amesema muuguzi wenu ni mwembamba mno, hawezi kumkanyagia mtu unyayo. Mke kula biskuti za mgonjwa wamekubali wote, shangazi yako akaangalia pembeni. Na pale maji yalipovutwa msalani, chumba kizima kilipiga makofi, mpaka kengele ya mashine ya dereva ikalia kwa sababu amekunja mkono. Mwalimu akasema, huyo ni mtu. Hakusema zaidi, na mimi sikuongeza, unajua si kawaida yangu.

Kwa hiyo nimesema vizuri. Lakini usizoee.

Yule jirani amenituma nikuage. Amehama. Usimlilie, alikuwa mtu mwoga, na ndara zangu ameziacha.

Sasa hali yangu, na sikufichi. Siku ya mashine nikitoka ni kama nguo iliyokamuliwa, shangazi yako ananishika kiwiko nami namwacha. Kesho yake nakula. Juzi nilikula mpaka paka akanishangaa, na chakula kilikuwa na ladha ya chakula. Kiu ndiyo inanitesa. Mtu aliyefungulia maji nusu ya mji huu, leo ananyonya kipande cha barafu kama mtoto, na barafu yenyewe inahesabiwa. Usiku wa jana niliota bomba limepasuka nikawa sina haraka ya kulifunga. Na kuna siku nachoka, nasema yanini. Siku hizo simwambii mtu, nakuandikia wewe hapa, basi.

Daktari amekuja na jambo jipya. Huu mpira wa shingoni ni wa muda, unaleta maradhi ukikaa sana. Anataka kunipasua mkono, achukue mishipa miwili aiunganishe, damu ipite kwa nguvu, mshipa unenepe, na sindano zichomwe hapo. Akaniuliza mkono gani siutumii. Nikamwambia fundi hana mkono wa akiba. Tukabishana, yeye na kalamu, mimi na vidole, mwisho nikampa wa kushoto, ule wa kushikia, wa kulia ni wa kukazia. Nimeuliza maungio yenyewe atayajaribuje. Amesema huwa anaweka kidole juu yake anasikia damu ikinguruma. Huyo ni fundi, hata kama mikono yake ni laini.

Ila haitumiki siku hiyohiyo. Lazima iachwe wiki sita ikomae ndipo iguswe. Watanipasua Jumanne ijayo. Nilipofika nyumbani nikasimama mbele ya kalenda kuhesabu, Juni ikaisha kabla sijafika sita. Nikafunua ukurasa. Julai tarehe ishirini na moja nimeizungushia penseli, nikaandika pembeni, mkono.

Shangazi yako akaniuliza mbona nachafua kalenda. Nikamwambia asinisumbue, nina miadi.

Babu yako,
Fundi, kiti cha tatu